Siku Mama Balozi Alipokuja Lushoto Kumposea Mwanawe

Harufu ya wanga ukikutana na pasi ya moto hunipandisha hasira kabla hata sijakumbuka nimemkasirikia nani. Juzi nilikuwa nikipiga pasi kombati za mume wangu, mvuke ukanipanda usoni, na nikajikuta nimeuma meno. Asubuhi zote za utoto wangu zilinuka hivyo. Mama yangu aliwahi kuamka kuliko tarumbeta ya kambini, akakoroga wanga wa muhogo kwenye beseni, akachovya shati la baba, akalikung'uta, akalinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka kola ikasimama yenyewe. Baba akitoka mlangoni, watu walimwona afande aliyenyooka. Ni mimi tu niliyeona vidole vya mama vilivyobabuka.

Nawasimulia ninyi habari hii kwa sababu kwetu haisimuliwi. Na niseme mapema kwamba sikuja hapa kumsamehe mtu.

Mama alizaliwa Mlalo, kwenye familia ya wakulima Walutheri wenye sauti nzuri za kwaya. Akasomea ualimu, akaolewa na luteni mmoja mrefu mwenye maneno machache, na tangu hapo maisha yake yakawa ya kufunga na kufungua masanduku ya bati. Kila kituo tulichohamia alitafuta shule, akapewa darasa la kwanza, akajua majina ya watoto wote na nani hulia akichelewa kufuatwa. Kisha barua ya uhamisho wa baba ilifika. Mama aliacha kazi namna hiyo mara tatu. Baba alipopelekwa nchi jirani kulinda amani, mimi na dada yangu Rehema tulibaki na mama, naye akajizoeza kusikiliza taarifa ya habari bila kubadilisha uso, ili sisi tusome usoni mwake kwamba mambo ni mazuri.

Nilipokuwa na miaka saba, baba akiwa meja, aliteuliwa kuwa mwambata wa kijeshi kwenye ubalozi wetu katika nchi moja ya baridi. Lushoto nzima ilitupongeza. Mchungaji alituombea kanisani. Bibi alimpa mama blanketi zito na kumwambia asije akasahau Kishambaa huko.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui. Wake za maafisa nao wana vyeo, ingawa havikushonwa mabegani. Mkuu wa wake wa ubalozini alikuwa Mama Balozi. Alikuwa mwanamke mzuri, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa nguvu na mikono iliyojaa dhahabu. Hakumzidi mama miaka mitatu, lakini alitaka amkiwe shikamoo, na mama alimwamkia. Kukiwa na sherehe, Mama Balozi alipiga simu: "Mama Rehema, wageni themanini Ijumaa." Hayo ndiyo yalikuwa maombi yenyewe. Mama, mwalimu mwenye cheti, ambaye nchi ile haikumruhusu kufundisha hata mtoto wa jirani, alikwenda na aproni yake mkobani. Alikanda, akakaanga, akachambua mchele mpaka macho yakauma. Wageni waliposifu sambusa, Mama Balozi alishukuru kana kwamba amezikunja mwenyewe. Siku moja mke wa balozi mwingine aliuliza yule aliyebeba sinia ni nani. Mama Balozi alijibu, "Msaidizi wangu." Nilikuwa nimekaa chini ya ngazi na sahani yangu ya karanga. Nilimwona mama akitabasamu na kupita.

Kingine alichokipenda ni kuiga lafudhi ya mama. Mama huongea Kiswahili chenye milima ndani yake, sauti inapanda mwishoni mwa sentensi kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Mama Balozi aliigiza vizuri sana, na wake wengine walicheka kwa sababu walitakiwa kucheka.

Nilikuwa na miaka minane siku bangili ilipopotea. Ilikuwa mchana, wake walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa balozi kuandaa chakula cha sikukuu. Mama Balozi alisema aliivua jikoni ili aonje mchuzi, na sasa haionekani. Walitafuta chini ya meza, ndani ya unga, nyuma ya jiko. Kisha akasema, bila kukasirika, kama mtu anayeomba chumvi, "Basi kila mmoja afungue mkoba wake." Ila aliyefunguliwa mkoba alikuwa mama peke yake. Wengine walishika vishikio vya mikoba yao, wakasita, na alipofika kwa mama akauchukua mwenyewe na kuumwaga mezani.

Navikumbuka vyote. Leso. Kitabu cha nyimbo chenye jalada jekundu. Kipande cha tangawizi. Na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Mama Balozi aliikunjua na jino langu likaanguka.

"Na hiki nini tena?" akauliza huku akilinyanyua kwa ncha za kucha.

"Ni jino la Eliza," mama akasema. "Lilitoka wiki iliyopita. Nalipeleka nyumbani, nikalitupe juu ya paa la mama yangu."

Mama Balozi alicheka. Safari hii hata wake wengine hawakucheka, lakini hakuna aliyemtetea mama. Mama aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akalifunga jino tena kwenye karatasi, akaosha vyombo vilivyobaki, akanishika mkono, tukatoka. Bangili haikuonekana.

Baba alirudishwa nchini kabla muda wake haujaisha. Hakuna karatasi iliyosema kwa nini. Alipewa meza kwenye ofisi isiyo na kazi, cheo alichokuwa akikisubiri kikampita, na baada ya muda akastaafu mapema. Tukahamia kwenye nyumba ambayo mama alikuwa ameianza kidogo kidogo, juu kidogo ya mji wa Lushoto kwenye njia ya kwenda Magamba. Baba akalima kabichi kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Mama akafundisha watoto wadogo wa kanisani. Maneno yalikuwa yameshatangulia kufika. Sokoni wanawake walinyamaza mama alipokaribia mafungu ya karoti, kisha wakasalimia kwa uchangamfu uliopitiliza. Shuleni niliitwa Bangili. Nilipigana mara nyingi kwa ajili ya jina hilo, na mara nyingi nilipigwa.

Nilianza kumchukia Mama Balozi kwa utaratibu, kama mtoto mwingine anavyokusanya vifuniko vya soda. Nikiwa natembea kwenda shule, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, nilimtungia adhabu. Siku nyingine alianguka kwenye ngazi zake. Siku nyingine alikanda unga wa wageni themanini na mama yangu amekaa kitini anamwangalia. Hasira ile ilinipasha joto asubuhi za mwezi wa saba kuliko sweta.

Nilipofikisha miaka kumi na miwili, Rehema alikuwa chuoni Dar es Salaam. Akaja likizo na habari iliyonifanya niangushe kikombe. Alikuwa na mchumba, na mchumba wenyewe alikuwa Daudi, mtoto wa Mama Balozi. Walikuwa wakicheza pamoja kule ugenini, wakakutana tena chuoni. Balozi mwenyewe alikuwa ameshafariki. Mama yake Daudi angekuja Lushoto kuleta posa.

Nilidhani mama atakataa. Nilimsubiri akatae. Badala yake alijifungia chumbani na Rehema mchana mzima, wakinong'ona, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu lakini uso unang'aa. Akasema tu, "Waje."

Wiki zile mbili zilikuwa za aibu kubwa kwangu. Mama alipaka chokaa ukuta wa mbele. Alinunua vikombe vipya. Alifua vitambaa vya kufuma vya makochi, akavitia wanga na kuvinyoosha kwa pasi. Alitoa suti ya baba kwenye sanduku, akaitundika juani siku tatu kuondoa harufu ya dawa ya nondo. Alimwendea mara mbili Mwalimu Singano, mzee mstaafu aliyekuwa mshenga, na kila akirudi alikuwa akiimba chini chini. Akachagua kiti kimoja, kile cha karibu na dirisha, akakiwekea kitambaa kizuri kuliko vyote. "Mama Balozi atakaa hapa," akasema, "mbele ya baba yako, waonane vizuri."

Niliona mwanamke anayejiandaa kutumikishwa tena. Nikaamua kwamba kama yeye hana hasira, mimi ninazo za kututosha sote.

Darasani kwetu kulikuwa na msichana anaitwa Zaina, ambaye bibi yake aliishi Mombo, chini kwenye joto, ambako upupu huota kwenye ua wa mashamba. Nilikuwa na mwanasesere mmoja aliyebaki kutoka ugenini, wa kufumba macho ukimlaza. Nilimpa Zaina. Jumatatu iliyofuata aliniletea kiberiti kilichofungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni, na ndani yake vumbi la manyoya ya rangi ya dhahabu, laini, la kupendeza kabisa.

"Usilipulizie," Zaina alisema. "Na usishike kwa mkono. Unataka kumwekea nani?"

"Mgeni," nikasema.

Wageni walikuja Jumamosi kabla ya saa sita. Mama Balozi alishuka kwenye gari akiwa amenenepa zaidi, amevaa gauni la kitenge lenye shingo pana na mikono mifupi, na nakiri nilishukuru Mungu kwa mikono ile mifupi. Alifuatana na Daudi, shemeji yake mmoja na shangazi wawili. Dakika chache kabla, wakati kila mtu yupo uani akitazama gari likipanda, nilikuwa nimenyunyiza upupu kwa kijiko juu ya kitambaa cha kiti cha dirishani. Kwenye mgongo. Kwenye mikono ya kiti. Sikuacha hata chembe.

Nikajibanza nyuma ya pazia la mlango wa jikoni. Mama hakuwa jikoni. Hilo nililiona bila kulielewa. Alikuwa amewaomba mawifi zake wahudumu, na yeye alikaa sebuleni ubavuni kwa baba, amevaa gauni la bluu, mikono imelala mapajani. Mama Balozi alipoingia, mama hakuinuka na kusema shikamoo. Alisema, "Karibu. Kaa pale." Na yule mama akakaa.

Salamu zikawa ndefu kama ilivyo desturi, na habari za mvua iliyochelewa, na za barabara ya milimani. Mwalimu Singano akakohoa.

"Kabla hatujazungumza habari za watoto," akasema, "mgeni wetu, mama mzazi wa kijana, ana neno lake. Ameomba aliseme mwenyewe, mbele ya Afande na mbele ya wazee hawa. Tumpe nafasi."

Mama Balozi aliegemea nyuma, akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, akavuta pumzi.

"Mama Rehema," akaanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Na wewe, Afande. Kuna siku ile, kule. Siku ile ya... ile siku nilipo..." Akajikuna shingo. "Samahani. Nilikuwa nasema, siku ile mimi..." Akajikuna mkono. Kisha mkono mwingine. Baba alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, akimtazama. Mama alikuwa hapumui.

"Ni nini hiki?" Mama Balozi akasema. Akasimama. Akajikuna mgongoni kwa mikono yote miwili, akazunguka, akapiga kelele. Kikombe kipya kikapasuka. Shangazi mmoja alimkimbilia, akamshika gauni, naye akaanza kujikuna. "Mmenifanyia nini? Mmenifanyia nini ninyi watu?"

Mtoto mmoja wa jirani aliyekuwa dirishani alicheka, kisha mwingine, kisha watu wazima wakaziba midomo kwa viganja. Na mimi, nyuma ya pazia, nilijaa furaha ambayo sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu. Nilimwona akikimbia uani, dhahabu zikimgonga mikononi, akijisugua kwenye nguzo ya nyumba yetu kama mbuzi.

Mama alimfuata hadi mlangoni. "Mama Balozi," akamwita, "tafadhali. Nakuletea majivu, yatatuliza. Rudi ndani. Tafadhali, maliza ulichokuwa unasema."

"Nimalize nini?" Mama Balozi alikuwa analia. "Kumbe uliniita uniroge! Mwizi na mchawi! Niliwajua tangu zamani!"

Daudi alimwingiza mama yake kwenye gari bila kumtazama Rehema. Wakaondoka, na vumbi lao likabaki juani kwa muda.

Ndani, wazee walianza kuaga mmoja mmoja. Baba alivua koti, akalitundika, akaenda kwenye kabichi zake. Mama alikusanya vipande vya kikombe. Alipokuja jikoni alinikuta nimeficha mkono wa kulia nyuma. Upupu haukuniacha mimi pia, mkono wangu ulikuwa umevimba kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, mwekundu kama nyanya. Alinitazama usoni, akautazama mkono, na nikajua kwamba amejua. Nilingoja anipige. Aliketi kwenye kigoda, akachota majivu ya uvuguvugu jikoni, akanivuta karibu, na akanisugua taratibu, kidole kwa kidole, mpaka mwasho ukatulia. Nilidhani ananishukuru.

Uchumba ule ulikufa. Daudi alishikamana na mama yake, na Rehema alilia mwaka mzima, kisha akaolewa na mfamasia mmoja mpole wa Bumbuli, na nyumba yao ina amani. Mama Balozi alieneza Dar nzima kwamba alirogwa Lushoto. Baba aliugua kifua, na miaka miwili baada ya siku ile tukamzika chini kidogo ya shamba lake la kabichi, upande wa jua.

Miaka yote niliihifadhi Jumamosi ile kama nishani. Nikivunjika moyo, niliitoa nikaifuta vumbi. Nami nikaolewa na mwanajeshi, kwa hiari yangu na kwa macho wazi, na mwezi uliopita mume wangu akapangiwa ubalozini. Nikapanda Lushoto kumuaga mama. Tulikuwa tumekaa barazani tunamenya mapichesi, yeye nywele zimekuwa nyeupe kabisa, na nikataka kumfurahisha. Nikamwambia kile ambacho hatukuwahi kukisema.

"Mama, ule upupu ulikuwa wangu. Nilikulipizia."

"Najua," akasema.

"Na huko niendako, akitokea mwingine kama yule, sitamwamkia."

Aliendelea kumenya. Kisha akanieleza, kwa sauti yake ile ya kupanda, kama anaeleza jinsi ya kupika. Bangili ilionekana. Daudi mwenyewe ndiye aliyeikuta, ndani ya bitana ya koti la mama yake, siku walipokuwa wakifunga mizigo kurudi nchini. Mama Balozi alimwambia anyamaze, akanyamaza, mpaka alipompenda Rehema na hakuweza kuendelea kunyamaza. Rehema akamwambia mama mchana ule walipojifungia chumbani. Mama akatuma sharti moja kupitia Mwalimu Singano: posa haitapokelewa mpaka Mama Balozi aseme kwa kinywa chake, mbele ya baba na wazee, kwamba bangili haikuibwa. Mabishano yalichukua siku kumi. Mwishowe akakubali.

"Lakini ungemwambia baba mwenyewe," nikasema. "Rehema angemwambia. Daudi angemwambia."

"Daudi alikuwa kijana anayetaka mke. Angesema lolote. Baba yako angefikiri hivyo." Akaweka kisu chini. "Wewe ulikuwa mdogo. Wiki ile tuliporudi kutoka ugenini, baba yako aliniuliza. Mara moja tu. Akasema, Mama Rehema, niambie mimi peke yangu, uliichukua? Nikamwambia hapana. Akasema sawa."

"Basi alikuamini."

"Alisema sawa," mama akarudia. "Hakusema najua."

Nami nikaweka kisu changu chini.

"Jioni ile, walipoondoka," akaendelea, "nilimfuata shambani nikamweleza yote. Kwamba imeonekana, kwamba yule mama alikuja kulisema hilo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa."

Nilimuuliza kwa nini hakunichapa. Akanitazama kama ananishangaa, mtu mzima mwenye watoto wake.

"Ungelia, Eliza. Baba yako angekuja kuuliza unalilia nini, na ningelazimika kumwambia kwamba ni wewe. Alikuwa hana tena kitu anachojivunia isipokuwa ninyi wawili."

Nimejaribu kujuta, kwa sababu najua ndicho mnachokitarajia. Nimeweza nusu. Mama Balozi yupo hai, nasikia anatembelea fimbo, na nikimfikiria akijisugua kwenye ile nguzo bado kitu ndani yangu hupiga makofi. Lakini nilikuwa mtoto, nikaamini kwamba hasira ya nyumba ile ilikuwa yangu peke yangu. Sikujua kwamba mwanamke aliyekuwa akipaka chokaa na kupanga vikombe alikuwa na kisasi chake, kikubwa kuliko changu, alichokitunza miaka minne bila kumwonyesha mtu. Hakutaka yule mama awashwe. Alitaka aseme, na mumewe asikie. Yalikuwa yamebaki maneno machache sana. Nilihesabu baadaye, nikilala kwenye kitanda changu cha zamani: pengine matano, pengine sita. Nami nilikuwa nyuma ya pazia, nimeziba mdomo kwa mkono ulioanza kuvimba, namwomba Mungu asiweze kuyamaliza.